Nguzo Mbili za Katikati

Jumatatu, 2 Julai

Nimenoa misumeno mitatu. Mlango wa stoo ya bomani umekaa sawa, bawaba mpya. Kiti cha hakimu bado kinayumba: mguu wa nyuma mfupi, na hakimu mwenyewe mzito. Upepo tangu alfajiri. Vumbi la mbao lote limeishia machoni mwangu.

Saa nne akaja tarishi. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ananiita. Nilidhani ni kile kiti.

Si kiti. Anataka banda la watazamaji pale uwanja wa mpira. Paa la mabati, mabenchi ya ngazi, watu wakae kivulini. Septemba kuna mashindano na wageni watatoka Dodoma. Mimi nipime, nichore, nitoe orodha ya vifaa. Bwana huyu ni mgeni, hajamaliza mwaka hapa Singida. Kijana, uso mwekundu, Kiswahili cha kitabuni. Akasema, "Fundi Daudi, kazi hii ni yako."

Nikajibu ndiyo, Bwana.

Mke wangu sijamwambia.

Jumanne, 3 Julai

Nimekwenda uwanjani na kamba, vigingi na futi. Miaka saba sijakanyaga upande ule wa magharibi. Mpira huwa nautazamia upande wa barabara, nimesimama. Watu wanadhani napenda kusimama.

Ndipo lilipokuwa banda la kwanza. Nililijenga mimi, wakati wa vita. Likaanguka siku ya kwanza kutumika, likamuua Elia, kaka wa mke wangu.

Mashimo ya nguzo bado yanaonekana. Mbele sita, nyuma sita, katikati sita. Ya katikati, mawili yamefukiwa vizuri kuliko mengine, yameshindiliwa mpaka yakawa sawa na ardhi. Hayo niliyafukia kwa mikono yangu, siku moja kabla.

Mtu mmoja alipita na punda wake wa chumvi. Akanipigia kelele, "Fundi, unampimia nani?" Utani tu, hapa mtu akionekana na kamba na vigingi ataulizwa kaburi ni la nani. Nilicheka. Kisha nikapigilia kigingi cha kwanza.

Nimepima futi sitini kwa ishirini. Nimerudi mapema.

Alhamisi, 5 Julai

Mchoro wa kwanza nimeupeleka. Nguzo kumi na nane, paa la mteremko mkali. Bwana akaugeuza huku na huku, akacheka. "Fundi, hili ni banda au msitu?" Karani wake naye akacheka, maana bwana akicheka karani hana budi.

Akauliza kwa nini paa liinuke namna ile, Singida hakuanguki theluji. Jibu ninalo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kisha akafungua faili la zamani. Akanisomea: banda la kwanza lilianguka kwa sababu nguzo zililiwa na mchwa, na aliyezileta alifungwa. Sahihi yangu chini. Akasema basi, umbo halikuwa na kosa, kosa lilikuwa la miti. Tukipata miti mizuri tutaondoa nguzo za katikati, wageni waone uwanja wote. Na paa liwe karibu bapa, lisipigwe na upepo.

Yaani ananijengea tena lile lile, kwa maneno yangu mwenyewe. Nimeambiwa nichore upya.

Ijumaa, 6 Julai

Niandike mara moja, nimalize.

Wakati wa vita mabati hayakupatikana. Bwana Shauri wa wakati ule alitaka kivuli uwanjani. Nikamwambia nitajenga kwa mtindo wetu, tembe bila kuta. Nguzo za panda, boriti, fito, majani, udongo juu ukishindiliwa. Paa bapa. Nani hapa hajui tembe?

Nguzo nilizichukua kwa Mzee Ntandu wa Unyambwa. Kwa nguzo hakuna aliyemshinda. Alikuwa akikata, akimenya, akiilaza miti katika tope la chumvi la ziwa Kindai wiki sita, kisha akiianika kivulini. Mchwa akifika kwenye nguzo ya Ntandu hugeuza njia. Zile za banda alizilaza wiki nne tu, kwa sababu nilimtumia salamu mara mbili: harakisha, Mzee, serikali inangoja. Hata hivyo zilikuwa nguzo. Niligonga moja moja, zikalia vizuri.

Ijumaa, kesho yake mechi na watu wa Manyoni, Bwana alikuja kukijaribu kiti chake. Nguzo mbili za katikati zilimzibia goli. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Hakusema toa. Alikunja uso, akaenda zake. Nikazitoa mimi, kwa hiari yangu, nipate kusifiwa. Boriti nikaiunga kwa kipande cha mbao na misumari. Nikajiambia litasimama. Na kama ni paa peke yake lingesimama, hilo naliamini mpaka leo.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Udongo ukanywa maji. Jumamosi watu wakaja wengi kuliko kivuli. Waliokosa nafasi wakapanda juu ya paa. Nani angewakataza? Kwetu juu ya tembe ndipo uwele unapoanikwa, ndipo mtu anapokaa kutazama ng'ombe wakirudi. Mimi nilijifunza kutembea huko juu. Niliwaona wakipanda, na sikuona ajabu. Nilikuwa nimehesabu uzito wa udongo, nimehesabu mvua. Watu juu ya paa sikuwahesabu, kwa kuwa ni jambo la kila siku.

Goli la kwanza likaingia. Wa juu wakaruka.

Wawili walivunjika miguu. Elia alitolewa akiwa amekwisha kufa, mdomo umejaa udongo.

Barazani nikaulizwa kisa. Nikasema mchwa. Neno moja. Kisha nikashauri nguzo zichomwe siku ile ile, kwa kuwa mti uliomuua mtu haujengewi tena. Watu wote wakakubali. Hata wazee walinisifu kwa kukumbuka. Mzee Ntandu alipofika kesho yake alikuta majivu. Alikaa gerezani miezi minne, akatoka na kikohozi.

Zile mbili nilizozitoa zilikuwa zimeshafika nyumbani kwangu. Mti mzuri hauachwi uwanjani. Zimeshika paa la jiko letu mpaka leo. Mke wangu huegemeza mchi wake pale. Mchwa hajazigusa.

Nimemaliza. Sijisikii vizuri zaidi.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya ibada tulikwenda Mwankoko kumsalimu mama mkwe. Yuko salama, macho tu yanapungua. Uani kulikuwa na debe la uwele mpya. Mke wangu akauliza limetoka wapi.

Limetoka kwa Ntandu. Kila mwaka akimaliza kuvuna humletea. Sikujua. Mama mkwe hakupata kusema, alidhani tutakasirika. Mwaka huu hakuja mwenyewe, miguu imevimba, kamtuma binti yake, Zaina. Miaka mingine alikuwa akija, anakaa pale kwenye kigoda, anamwomba msamaha. Anasema nguzo alizitoa ziwani mapema. Anasema wiki mbili zile ndizo zilizomuua Elia.

"Nilishamsamehe zamani," mama mkwe akasema. "Yeye ndiye hataki kusamehewa."

Nilitoka nje nikajifanya natengeneza mlango wa zizi. Haukuwa umeharibika.

Saba. Mavuno saba mzee yule amebeba debe kutoka Unyambwa kwa ajili ya kosa langu. Nilidhani ananichukia. Nilikuwa nimejizoeza kuchukiwa naye, nikaona hiyo ndiyo adhabu yangu, na inatosha. Kumbe hata hajui.

Jumanne, 10 Julai

Udongo umedondoka kwenye chakula changu. Chembe chache, kutoka paani. Nikainua macho. Nikasikia mtu anatembea juu.

Nikatoka. Hakuna mtu. Jua la saa saba, paa tupu, kunguru mmoja.

Mke wangu anasema ni mijusi. Sahani yake ilikuwa safi.

Jumatano, 11 Julai

Mchoro wa pili. Nguzo kumi na sita. Bwana hakucheka leo. Alichukua kalamu yake nyekundu, akafuta zote za katikati. Paa akalilaza mwenyewe, mstari mmoja mrefu karibu sawa na ardhi. Mzuri kwa macho. Mtu yeyote aliyekulia kwenye tembe akiuona atatafuta pa kupandia.

Nikajikaza nikamwambia, Bwana, watu watapanda. Akasema askari watawazuia. Askari wawili, wana wa matembe wao pia. Goli likiingia, wao watakuwa wa kwanza kutafuta mahali pa juu.

Akasema nikitaka kubadili umbo nimpe sababu. Faili linasema sababu ilikuwa miti.

Njiani kurudi nilitazama mapaa yote. Kila paa lina mtu. Mwanamke anageuza mtama. Mzee anaota jua. Watoto wanarushiana mawe. Zamani nilikuwa siwaoni. Sasa siwezi kuona kingine, na kila mmoja namhesabu uzito.

Jumamosi, 14 Julai

Nilitoka kwenda Unyambwa kumwambia mzee. Nilifika kwenye yale mawe makubwa ya njiani, nikakaa kivulini kidogo. Nikarudi.

Mke wangu aliuliza nilikwenda wapi. Nikasema kutafuta miti. Mwoga. Uongo mpya kulinda wa zamani, na wa zamani hata hauhitaji kulindwa, umeshiba.

Jumatatu, 16 Julai

Udongo tena. Asubuhi kwenye uji. Mchana kwenye kikombe cha maji. Nimekaa na kikombe mkononi, nimetulia, nikingoja. Ukadondoka. Juu, hatua tatu, kisha kimya. Kama mtu anayesogea apate kuona vizuri.

Elia alikuwa na tabia hiyo. Hatulii akitazama mpira.

Nimepanda juu. Nimelikagua paa lote kwa mikono, hatua kwa hatua. Hakuna ufa. Mimi ni fundi, ufa ninaujua. Nilipokuwa huko juu nikamsikia mtu chini, ndani ya nyumba, anakohoa udongo. Mke wangu alikuwa kisimani.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa.

Jumatano, 18 Julai

Bwana ameulizia mchoro. Ijumaa anautuma Dodoma. Nimeuchora kama anavyotaka. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nimechora kitakachoua watu, kwa rula, mistari imenyooka.

Sikuutia sahihi.

Alhamisi, 19 Julai

Nimekwenda. Kwenye mawe sikukaa.

Mzee Ntandu amelala kwenye kitanda cha ngozi, mlango wazi apate mwanga. Amekwisha. Mikono tu ndiyo imebaki ile ile, mipana. Nikasema shikamoo, Mzee. Akasema marahaba, fundi, karibu, akamwita Zaina aniletee kigoda. Akaniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Nimesikia unajenga tena. Usichukue nguzo kwangu. Mkono huu una damu."

Nikamwambia yote. Sikupamba. Bwana alivyokunja uso, mimi nilivyotoa nguzo, watu walivyopanda, nilivyosema mchwa, nilivyoshauri moto. Nilitazama chini wakati wote. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Akajiinua kwa kiwiko. Kisha akauliza, "Zilikuwa nzima?"

"Nzima, Mzee."

"Zote?"

"Zote."

"Na hizo wiki nne?"

Nikamwambia mbili zipo jikoni kwangu, zimeshika paa mwaka wa saba, hazina hata tundu. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema kesho atakuja kuziona. Zaina akasema, Baba, huwezi hata kufika chooni. Akasema kuna punda.

Zaina alinisindikiza mpaka nje ya boma. Hakunitukana yeye pia. Alisema, "Mama yangu alikufa akiitwa mke wa muuaji." Akarudi ndani.

Nimetembea mpaka nyumbani bila kukutana na mtu. Au nimekutana nao, sikumbuki.

Ijumaa, 20 Julai

Mke wangu nilipanga kumwambia asubuhi. Asubuhi ikapita. Nikanoa shoka lisilohitaji kunolewa. Saa tano punda akaingia uani.

Zaina alimshusha baba yake kama unavyoshushwa mzigo wa mayai. Mke wangu akatoka mbio na kigoda, akashangaa, akaamkia, akaenda kutia maji sufuriani apike uji wa mgeni. Mzee hakukaa. Akaingia jikoni ameshika ukuta.

Aliigonga ya kwanza kwa kifundo cha kidole. Akaweka sikio. Akagonga chini, karibu na ardhi, pale mchwa anapoanzia. Akachomoa kisu kidogo, akakwangua, akanusa, akaramba. Akaenda kwenye ya pili. Akafanya vile vile, bila haraka, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akaikumbatia, akaweka paji la uso kwenye mti.

"Wiki nne tu," akasema. "Wiki nne tu, na bado ina chumvi." Alikuwa anacheka. Machozi yanamtoka na anacheka.

Mke wangu amesimama na mwiko. Akaniuliza mzee ana nini. Mzee akajibu mwenyewe, kwa upole, kwa Kinyaturu, kama anavyosema mtu na mwanawe. Alimwambia amemwomba mama yake msamaha miaka saba, na sasa mumewe kamwambia nguzo zilikuwa nzima, na mbili za katikati ni hizi, zilitolewa Ijumaa ile. Hakusema kwa ubaya. Alidhani ameshaambiwa. Mume gani angemwambia mtu baki kabla ya mkewe?

Mke wangu alizitazama nguzo. Akanitazama. Akautoa mchi wake pale ulipoegemea, akaulaza chini. Akaepua sufuria. Mzee alipoondoka naye akaondoka, kanga mbili na viatu mkononi, njia ya Mwankoko.

Mchoro sikuupeleka.

Jumamosi, 21 Julai

Nyumba kimya. Nimekula viazi vibichi kwa sababu jikoni sikuingia.

Jumatatu, 23 Julai

Nimemwambia Bwana Shauri. Nilisimama, hakuniambia kaa. Aliandika kurasa mbili. Alipofika mahali pa mchwa, aliuliza mara tatu kama nimeelewa ninachosema. Nimeelewa, Bwana.

Akavuta droo akatoa ule mchoro wangu wa kwanza, ule msitu. Ulikuwa umekunjwa, akaunyosha kwa kiganja. Akauliza watu wangapi wanaweza kupanda paa hili. Nikasema hata paka atateleza. Hakucheka wala karani hakucheka.

Nimekabidhi funguo za stoo, misumeno ya serikali na timazi. Banda litajengwa na fundi atakayetoka Manyoni, kwa mchoro ule. Kesi yangu itaandikiwa Dodoma, ningoje. Alhamisi nikaseme barazani, mbele ya watu, kama nilivyosema mara ya kwanza mbele ya watu.

Kiti cha hakimu nimekiacha kinayumba.

Jumanne, 24 Julai

Nilidhani udongo utakoma. Haukukoma. Umedondoka leo kwenye ukurasa huu, nimeupuliza.

Labda si Elia anayenitaka mimi. Labda ni mimi ninayemsikiliza.

Alhamisi, 26 Julai

Baraza. Watu wengi. Mzee Ntandu kaletwa na punda, kakaa mbele, kavaa kanzu safi iliyomzidi mwili. Mke wangu na mama yake sikuwaona.

Nimesema. Waliovunjika miguu walikuwepo wote wawili, mmoja na fimbo yake. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Na tuliopanda je?" Wengi waliinamisha vichwa. Nilitambua wawili watatu niliowaona juu siku ile. Wanaume wazima sasa. Sikuwa nimefikiri kwamba nao wamekuwa wakiishi na jambo hili.

Mwenyekiti wa baraza akatamka kwamba Mzee Ntandu hana kosa. Watu wakajipanga kumpa mkono, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Ilichukua muda mrefu. Mzee alikuwa amechoka lakini yeye alimwambia kila mmoja kitu kile kile: zilikuwa nzima.

Mimi hakuna aliyenipa mkono. Hakuna aliyenitemea mate pia. Walinipita, kila mtu akaenda zake. Nilisimama pale mpaka tarishi aliponiambia anataka kufunga.

Jumapili, 29 Julai

Kanisani nilikaa nyuma.

Nilipofika nyumbani nikakuta moshi uani. Amerudi. Amepanga mafiga matatu nje, chini ya ukuta, upepo unamsumbua. Nikataka kumkinga na ubao, akasema acha.

Akapakua ugali na mlenda. Akaketi mkabala nami, jambo asilolifanya siku zote. Miaka saba hajawahi kuniuliza habari za siku ile. Nilikuwa nikishukuru.

"Elia alikuwa amekaa wapi?"

Nikasema katikati, safu ya mbele.

"Nani alimpa nafasi ile?"

Ningeweza kusema sijui. Humu mote nimeandika nguzo, mvua, mchwa, na hilo sikuliandika.

"Mimi," nikasema. "Alikuwa amesimama juani. Nikamwita. Nikamwambia njoo hapa, shemeji, hapa pazuri, nimepafungua mimi."

Hakulia. Alitazama mikono yake. Akasema mama yake anataka niende Jumamosi, nimwambie mwenyewe, hilo pia. Nikasema nitakwenda. Akauliza kama nitaanza na hilo au nitalificha mwisho. Nikasema nitaanza nalo.

Akanisogezea maji ya kunawa. Tukala. Ugali ulikuwa umepoa.